Kisumu hadi Nairobi kwa ndege: jinsi ya kupiga hesabu ya umbali na saa za safari

Tiketi ya ndege ya Kisumu–Nairobi huonyesha dakika 50 hivi. Ramani ya simu inasema kilomita 345. Ukizigawanya namba hizo utapata chombo kinachokwenda kilomita 414 kwa saa, mwendo ambao si wa Dash 8 wala wa Embraer, ndege zinazoruka njia hii. Shida ni kwamba 345 ni kilomita za barabara, na zile dakika 50 hazihesabu muda wa kuwa hewani peke yake. Maswali mengi ya "ni mbali kiasi gani, nitafika saa ngapi" hukwama hapo, kabla hata mtu hajalipa nauli.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga hesabu yoyote, amua unataka umbali gani. Upo umbali wa barabara: Kisumu, Ahero, Awasi, Kericho, Mau Summit, Nakuru, Naivasha, Nairobi, jumla kama kilomita 345. Upo umbali wa mstari ulionyooka kati ya viwanja viwili vya ndege, ambao ni kilomita 280. Na upo umbali ambao ndege iliruka kweli siku hiyo, ambao huzidi 280 kwa sababu ndege haipai ikielekea Nairobi moja kwa moja. Inapaa kufuata njia ya kurukia, kisha inageuka. Vikokotoo vya mtandaoni hukupa huo wa pili. Vingine huchukua katikati ya mji badala ya uwanja, ndiyo maana tovuti mbili zinaweza kutofautiana kwa kilomita kumi na zote ziwe sawa.

Kupima mstari ulionyooka kwa kalamu na simu

Sisi wa magharibi mwa Kenya tuna bahati moja: tunakaa juu ya ikweta. Mbali na ikweta mistari ya longitudo inasogeleana, na hesabu inadai kanuni ndefu yenye saini na kosaini. Hapa kwetu dakika moja ya digrii, iwe ya kaskazini–kusini au ya mashariki–magharibi, ni karibu maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Hesabu ya pembetatu ya shule inatosha kabisa.

Hivi ndivyo viwanja unavyoweza kuvihitaji, kwa digrii na dakika:

Kisumu (KIS): 0°05′ kusini, 34°44′ mashariki
Nairobi, Jomo Kenyatta au JKIA (NBO): 1°19′ kusini, 36°56′ mashariki
Nairobi, Wilson (WIL): 1°19′ kusini, 36°49′ mashariki
Eldoret (EDL): 0°24′ kaskazini, 35°14′ mashariki
Mombasa, Moi (MBA): 4°02′ kusini, 39°36′ mashariki
Entebbe (EBB): 0°03′ kaskazini, 32°27′ mashariki

Sasa Kisumu hadi JKIA.

1. Geuza kila kipimo kiwe dakika tupu. Digrii moja ni dakika 60. Latitudo ya Kisumu ni dakika 5, ya JKIA ni 60 + 19 = 79. Tofauti ni 74.
2. Fanya vivyo hivyo kwa longitudo. Kutoka 34°44′ hadi 36°56′ ni digrii 2 na dakika 12, yaani dakika 132.
3. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe, kisha jumlisha: 74 × 74 = 5,476; 132 × 132 = 17,424; jumla 22,900.
4. Tafuta kipeuo cha pili kwenye kikokotoo cha simu (ile alama ya √): 151.3. Hizo ni maili za baharini, kipimo kilekile wanachotumia marubani.
5. Zidisha kwa 1.852. Jibu ni kilomita 280.

Ukijaribu Kisumu–Mombasa utapata tofauti ya dakika 237 na 292, maili za baharini 376, kilomita 696. Kikokotoo cha kompyuta kitakwambia 695 kwa kuwa dunia si duara kamili. Kilomita moja katika mia saba haimwumizi mtu.

Makosa yanayotokea ni yaleyale kila mara. La kwanza ni kuchanganya dakika na desimali. 34°44′ si 34.44, ni 34.73, kwa sababu 44 inagawanywa kwa 60. Ukiziandika kama desimali, Kisumu–Nairobi inatoka kilomita 267. Jibu hilo ni baya kwa namna ya hila: linaonekana la kweli, hakuna atakayelitilia shaka. Simu nyingi huonyesha desimali tayari (−0.086, 34.729), na hapo kila digrii 1 unaihesabu kilomita 111 badala ya kupitia dakika. Chagua mtindo mmoja, usirukeruke.

La pili ni kusahau kwamba Eldoret iko upande wa pili wa ikweta. Kati ya Eldoret na JKIA latitudo zinajumlishwa: 24 + 79 = 103. Tofauti ya longitudo ni 102. Jibu ni maili 145, kilomita 268. Mtu akitoa badala ya kujumlisha, anapata kilomita 215, na amefuta zaidi ya kilomita 50 bila kujua. Kwa Kisumu uangalifu huo ni muhimu zaidi kuliko mtu anavyodhani: mji uko kusini kidogo ya ikweta, na ikweta yenyewe inakatiza Maseno, mwendo mfupi tu kwenye barabara ya Busia.

La tatu ni kupima hadi uwanja usio wako. Baadhi ya ndege za Kisumu hutua Wilson, si JKIA. Kwa mstari, Wilson iko karibu zaidi kwa kilomita 11 (269 badala ya 280). Hewani hiyo ni dakika moja au mbili. Ardhini inaweza kuwa saa nzima, kutegemea unakokwenda: Wilson iko Barabara ya Langata, karibu na katikati ya jiji, na JKIA iko nje kwenye Barabara ya Mombasa.

Asiyetaka kalamu anaweza kubonyeza ramani ya simu kwa muda mrefu mpaka kipini kitokee, achague kupima umbali, halafu asogeze msalaba hadi kiwanja cha pili. Hakikisha umeweka kipini juu ya njia ya kurukia ndege yenyewe, si juu ya jina la mji.

Kutoka kilomita hadi dakika

Hapa ndipo watu hugawanya 280 kwa mwendo wa ndege na kutoka na jibu la dakika 21, kisha wanaishangaa tiketi. Muda ulioandikwa kwenye ratiba huanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa na huisha inapoegeshwa upande wa pili. Ndani yake mna kujikokota hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kusubiri ruhusa ya mnara, kupaa polepole, kushuka polepole, kupanga foleni ya kutua Nairobi, na kujikokota tena.

Kanuni inayokaribia ukweli kwa safari fupi ni hii. Kwa ndege ya jeti, gawanya kilomita kwa 800, zidisha kwa 60, halafu ongeza dakika 30. Kwa ndege ya pangaboi (propela), gawanya kwa 600, zidisha kwa 60, ongeza dakika 25.

Kisumu–Nairobi kwa jeti: 21 + 30 = dakika 51. Kwa pangaboi: 28 + 25 = dakika 53.

Tazama tofauti hiyo. Jambojet hutumia Dash 8-400, pangaboi la viti 78. Kenya Airways ina Embraer 190, ambayo ni jeti. Abiria wengine huchagua jeti kwa sababu "inafika haraka". Kwenye kilomita 280 haraka hiyo ni dakika mbili, na utazipoteza ukisubiri begi. Kwa Kisumu–Mombasa moja kwa moja pengo linaonekana: jeti dakika 82, pangaboi dakika 95. Hata hapo, chagua kwa nauli na saa ya kuondoka, si kwa aina ya injini.

Sababu ya jeti kushindwa kutamba ni kwamba haina nafasi ya kukimbia. Uwanja wa Kisumu uko mita 1,157 juu ya usawa wa bahari, JKIA mita 1,624. Ndege ikiwa futi 20,000 inahitaji karibu maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000 inazoshuka. Kutoka futi 20,000 hadi futi 5,300 za JKIA ni maili 44, kama kilomita 82. Weka kando pia zile ilizotumia kupanda. Mstari ulionyooka kutoka Kisumu unapita karibu juu ya Kericho, unakata msitu wa Mau, halafu unavuka Bonde la Ufa katikati ya Longonot na Suswa. Kabla hujafika usawa wa milima hiyo miwili ndege imeshaanza kuteremka. Ndiyo maana wahudumu hukusanya vikombe wakati wewe bado unafungua njugu.

Kwa nini leo dakika 33 hewani na jana 42

Upepo wa kawaida hauna nguvu kubwa kwenye safari hii. Upepo wa noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa) kutoka mbele badala ya nyuma hubadilisha safari ya Kisumu–Nairobi kwa dakika tatu au nne tu. Kinachobadilisha zaidi ni upande wa kupaa.

Njia ya kurukia ya Kisumu inaitwa 06/24: upande mmoja unaelekea digrii 60 za dira, mwingine digrii 240, kuelekea ziwani. Nairobi iko upande wa digrii 119 hivi, mashariki na kusini kidogo. Ndege hupaa ikikabili upepo. Mchana ardhi ikipata joto, upepo hutoka ziwani kuingia bara, kwa hiyo ndege ya alasiri mara nyingi hupaa juu ya maji kwa 24, kisha inazunguka kurudi ilikotoka ili ishike njia ya Nairobi. Umeongeza dakika kadhaa kabla ya safari kuanza. Ikipaa kwa 06 kona ni ndogo zaidi.

Nairobi nako njia kuu ni 06/24, na upepo wake wa kawaida hutoka mashariki. Ndege inayotoka Kisumu inakuja kutoka magharibi na mara nyingi inaingia karibu moja kwa moja. Ya kurudi Kisumu hupaa ikielekea mashariki na kulazimika kugeuka. Usishangae basi kwenda na kurudi kusipolingana.

Halafu kuna mawingu. Alasiri za miezi ya mvua, Machi hadi Mei hasa, upepo wa ziwa hukutana na milima ya Nandi na Kericho na kujenga mawingu ya radi marefu kuliko ndege yenyewe inavyoweza kupanda. Kericho na Nandi Hills zinajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na mstari wetu, kumbuka, unapita juu ya Kericho. Rubani hapasui wingu la namna hiyo, analizunguka. Hesabu dakika tano hadi kumi zaidi, na usimlaumu.

Ukitaka kujua mapema, tafuta ripoti ya hali ya hewa ya uwanja kwa alama HKKI (Kisumu) au HKJK (JKIA). Utaona maandishi ya umbo hili: HKKI 121300Z 24012KT. Maana yake: tarehe 12, saa 13:00 kwa saa za kimataifa, upepo unatoka digrii 240 kwa noti 12. Ongeza saa 3 upate saa za Kenya, 16:00, yaani saa kumi jioni. Upepo huo unatoka ziwani, kwa hiyo tarajia kupaa kwa 24. Ukiona TS, kuna radi. Ukiona CB, kuna wingu la radi karibu.

Kwa muda halisi, programu za kufuatilia ndege kama Flightradar24 ni bora kuliko kanuni yoyote. Andika namba ya ndege iliyo kwenye tiketi, fungua historia yake, tazama saa ya kupaa na ya kutua kwa siku saba zilizopita. Angalia kwanza kama saa zimewekwa za hapa au za kimataifa. Usijali siku iliyokwenda vizuri kuliko zote. Panga safari yako kwa ile ya pili kwa kuchelewa.

Saa ya tiketi na saa ya mdomo

Tiketi hutumia saa 24, sisi tunaongea saa za Kiswahili. Mtu akimpigia dereva wa teksi na kusema "ndege ni saa saba", na tiketi imeandikwa 07:00, teksi itakuja mchana na ndege itakuwa imeshatua Nairobi na kurudi. Kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa 6: 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:10 ni saa saba na dakika kumi mchana, 18:45 ni saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano jioni. Kuanzia 19:00 toa 18, na kwa saa za kabla ya 07:00 ongeza 6 badala ya kutoa: 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Unapotuma ujumbe, andika zote mbili, "07:00, saa moja asubuhi", na suala limekwisha.

Kisumu, Nairobi, Mombasa na Entebbe zote hutumia saa zilezile. Kigali iko nyuma kwa saa moja, kwa hiyo tiketi ya Nairobi–Kigali huonekana fupi kuliko safari yenyewe wakati wa kwenda, na ndefu wakati wa kurudi.

Mlango hadi mlango

Dakika 50 ndizo sehemu ndogo. Kwa mtu anayelala mjini Kisumu na anayekwenda katikati ya Nairobi, hesabu ya siku ya kawaida ni hivi: dakika 20 kutoka mjini hadi uwanjani (ni kilomita chache tu kwenye barabara ya Busia), kufika dakika 90 kabla ya ndege, dakika 50 za ratiba, dakika 25 za kushuka na kungoja begi, dakika 45 kutoka JKIA hadi mjini. Jumla saa 3 na dakika 50.

Basi au matatu huchukua saa sita na nusu hadi nane. Magari ya abiria yamewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo hata barabara ikiwa tupu, kilomita 345 haziwezi kupungua saa nne na dakika ishirini. Nyingine zote ni chai, malori ya Salgaa, Gilgil, mlima wa Kinungi na msongamano wa kuingia jijini. Kazi ya kupanua barabara kati ya Rironi na Mau Summit nayo huleta michepuko. Ndege basi inakuokolea saa tatu hadi nne, si sita. Kwa mwenye mkutano wa asubuhi na anayerudi jioni, hizo ni za thamani kubwa. Kwa mwenye mabegi matatu na watoto wawili anayekwenda kukaa wiki mbili, basi halichekeshi.

Zipo njia mbili za kupunguza zile saa nne. Kusafiri na mzigo wa mkononi pekee kunaondoa foleni ya kaunta na mkanda wa mabegi. Pima begi nyumbani, maana kwa tiketi za bei nafuu kikomo ni kilo 7 na mizani ya uwanjani haina huruma. Samaki ndio huharibu mpango huu. Mbuta au ngege aliyegandishwa usiku kucha, akafungwa kwa magazeti na kuwekwa ndani ya ndoo yenye mfuniko uliopigwa gundi ya karatasi, anafika salama. Aliyewekwa kwenye barafu inayoyeyuka atakataliwa kaunta, kwa sababu maji ya samaki yakivuja chini ya ndege yanaharibu mizigo ya wengine. Njia ya pili ni barabara ya juu ya Nairobi Expressway kutoka JKIA, ya kulipia, ambayo saa za msongamano inaweza kukuokolea zaidi ya muda wote uliokuwa hewani.

Kaunta hufungwa dakika 30 hadi 45 kabla ya ndege kuondoka, kulingana na shirika. Saa iliyo kwenye tiketi ni ya ndege kuondoka, na mlango wa ndege hufungwa kabla yake.

Uwanja upi kwa wa Kakamega, Busia, Kitale, Nakuru

Anayetoka Busia, Siaya au Bondo asiingie mjini Kisumu. Barabara inapita Kisian, kisha Otonglo, na uwanja unaufikia kabla ya mji. Mwambie makanga akushushe njia panda ya uwanja na umalizie kwa bodaboda. Kakamega ni kama kilomita 50, lakini tenga saa moja na nusu asubuhi kwa ajili ya Kiboswa na Kondele. Kapsabet iko karibu zaidi na uwanja wa Eldoret, ambao upo kusini mwa mji wa Eldoret, kilomita 16 hivi. Wa Kitale hutumia Eldoret pia, ila inabidi avuke mji mzima kwanza. Bungoma iko katikati: Kisumu na Eldoret ni karibu sawa kwa barabara, chagua kwa nauli.

Nakuru haina ndege za abiria za ratiba. Kwa mstari Nakuru–Kisumu ni kilomita 148, kwa barabara kama 185. Hakuna hesabu ya ndege inayoweza kushinda hapo. Mkazi wa Nakuru anayekwenda Mombasa au ng'ambo aende JKIA kwa barabara, kilomita 160 hadi jijini. Mwenye gari lake ashike Southern Bypass upande wa Kikuyu atokee Barabara ya Mombasa bila kugusa katikati ya jiji. Anayepanda matatu hushushwa katikati ya jiji, na basi namba 34 ndilo la uwanjani.

Kukadiria barabara kwa kutumia mstari, zidisha kwa 1.25. Kisumu–Nairobi inatoka 350, Nakuru–Kisumu 185: karibu kabisa. Kanuni hii inavunjika penye maji. Kisumu hadi Homa Bay kwa mstari ni kilomita 57 lakini barabara inazunguka ghuba na kukaribia 100, ndiyo sababu kivuko cha Luanda Kotieno–Mbita kina wateja. Inavunjika pia kwa ndege za kuunganisha: Kisumu–Entebbe ni kilomita 254 tu kwa mstari, lakini ukipitia Nairobi unaruka 280 kisha 521, kilomita 801 pamoja na kungoja. Kampala kwa barabara kupitia Busia ni akili zaidi.

Ukiunganisha Nairobi

Ndege ileile huzunguka siku nzima: Nairobi, Kisumu, Nairobi, Mombasa, Nairobi, Kisumu. Ikichelewa ile ya saa tatu asubuhi, ya jioni imeshachelewa hata kama anga ya Kisumu ni bluu. Kwa hiyo ndege za asubuhi ndizo za kutegemewa, isipokuwa ukungu ukifunga JKIA alfajiri. Hapo ndege yako ya Kisumu bado iko Nairobi inangoja kuondoka. Angalia HKJK, si HKKI peke yake.

Kwa tiketi moja inayounganisha hadi ng'ambo, shirika linabeba jukumu ukichelewa na begi linapelekwa mbele. Kwa tiketi mbili ulizonunua kando kando, jukumu ni lako: utachukua begi, utatoka jengo la ndege za ndani, utaingia jengo jingine na kupanga foleni upya. Acha saa nne kati ya kutua na kuondoka. Kama unatua Wilson na kuondokea JKIA, acha saa tano.

Na usome tarehe mara mbili. Ndege nyingi za ng'ambo huondoka Nairobi karibu na usiku wa manane. Tiketi iliyoandikwa tarehe 14 saa 00:30 ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 14, kwa hiyo ndege ya Kisumu unayoihitaji ni ya tarehe 13, na si ya jioni ya mwisho bali ya mchana, ili hata ikifutwa bado kuna nyingine nyuma yake.